Sheria za Shairi na Haki ya Kuuliza

Je, mtu aweza kupata elimu mpya pasipo kuitilia shaka imani aliyoikuta? Swali hili ni pana mno, na anayelitazama lote kwa mara moja aweza kupotea ndani yake kama mtu aingiaye msituni pasipo njia. Kwa hiyo, msomaji, napenda tulichukue mahali pamoja tu, mahali unapopajua mwenyewe, nako ni katika ushairi wa Kiswahili. Huko walikuwako watu walioamini jambo moja kwa nguvu, wakatokea wengine wakaliuliza, na ugomvi uliofuata ulikuwa mkali kuliko unavyodhani.

Ukiwauliza wanafunzi wa chuo cha ualimu shairi ni nini, wengi watakujibu upesi kwamba ni utungo wenye vina na mizani. Hapana anayesita. Jibu hilo lina asili yake. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alieleza humo habari za vina vya kati na vya mwisho, mizani 16 za mshororo wa shairi, mpango wa beti, na uchaguzi wa maneno. Naye, kwa bahati inayochekesha kidogo, baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Kitabu chake kilikuwa chema. Kilimpa mwalimu mahali pa kushika, na kilimwonyesha kijana wa bara kwamba sanaa hii ya pwani yaweza kufundishika kwa mtu yeyote mwenye bidii.

Lakini litazame neno lenyewe, sheria. Abedi hakuzizua kichwani mwake. Alizikuta zikitumika katika tungo za malenga waliomtangulia, akazipanga, akazipa maelezo. Ndivyo alivyofanya hapo zamani, katika karne ya 8, Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, aliyezichunguza tungo za Waarabu mpaka akazigundua bahari zake na kuanzisha elimu ya arudhi. Mashairi yalikuwako kwanza, sheria zikafuata. Basi mtu tunayemhesabu leo kuwa mlinzi wa sheria alikuwa, kwa namna yake, muulizaji. Tena aliweka sababu wazi: aliamini kwamba shairi ni wimbo, na wimbo hauna budi uimbike. Maadamu shairi ni la kuimbwa, vina na mizani vina kazi ya kweli, kama ngoma ilivyo na kazi kwa mchezaji. Waliomfuata wengi walilishika jibu lake wakaisahau sababu.

Na jibu lenyewe halikuwa la tangu na tangu. Tungo nyingi zilizohifadhiwa kwa maandishi kutoka karne ya 18 ni za dini, kama Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani wa Pate, wa mwaka 1728, usimuliao vita vya Waislamu na Warumi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, ndiye aliyelichukua shairi la mishororo minne akalitia katika mambo ya barazani na sokoni. Alitunga juu ya mapenzi, juu ya njaa, juu ya adui wa mji wake, juu ya siasa za Mombasa na Unguja. Ukirudi nyuma zaidi, katika tungo ambazo mapokeo humpa Fumo Liyongo, utakuta tumbuizo, nazo hazikugawanywa kwa beti za mishororo minne, bali huendelea mshororo baada ya mshororo kwa kina kimoja cha mwisho. Anayesema kwamba wazee wetu walijua namna moja tu ya kutunga hajawasoma wazee hao.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa diwani yake Kichomi. Mashairi yake mengi hayakuwa na vina wala hesabu ya mizani. Alitaka kusema kwa lugha iliyo karibu na mazungumzo ya watu, na kuiacha fikira ijichagulie urefu wa mshororo wake. Washairi wengi wa jadi walighadhibika. Wengine walisema kwamba maandishi hayo ni insha iliyokatwakatwa. Wengine wakaona ni uigaji wa Wazungu na dharau kwa urithi.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana ni rahisi kuwacheka walioghadhibika. Hoja yao moja ilikuwa ya haki. Waliuliza: vina na mizani vikiondolewa, ni nini kinachobaki cha kutofautisha shairi na maneno mengine? Hilo ni swali jema, na anayetunga bila vina hana budi awe na jibu lake. Lakini hoja yao nyingine, ile iliyotumiwa zaidi, haikuwa hoja. Walisema tu kwamba hili si shairi kwa kuwa shairi lina vina. Huko ni kuzunguka mti na kurudi pale pale. Jambo linaloulizwa haliwezi kuwa ushahidi wa kujithibitisha lenyewe.

Nitakupa kipimo chepesi. Tazama mishororo hii miwili niliyoibuni sasa hivi:

Kiti chetu ni cha mti, meza nayo ni ya mbao,
Nacho kisu hakikati, na kijiko kipo kwao.

Hesabu mizani, utapata 16 kila mshororo. Tazama vina, viko vyote, vya kati na vya mwisho. Je, utaliita hili shairi? Abedi mwenyewe asingaliliita hivyo, maana alitaka pia maana nzito na lugha teule. Basi imekwisha kuonekana kwamba vina na mizani peke yake havitoshi. Lililobaki ni kama ni vya lazima, na hilo halikuweza kujulikana mpaka mtu athubutu kuviacha tuone kitakachotokea.

Walakini angalia ni nani aliyethubutu. Kezilahabi hakuwa mtu asiyewajua wazee. Shahada yake ya pili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilihusu riwaya za Shaaban Robert, naye Shaaban alikuwa nguzo ya ushairi wa vina. Aliuliza jambo alilokwisha kulisoma. Nalisema hili kwa sababu ya vijana wengi wanaoniletea karatasi zenye mishororo mifupi mifupi, wakidhani kwamba kutohesabu mizani ni ushairi tayari. Hao hawajauliza kitu. Wamekwepa kazi.

Sasa nikuonyeshe upande wa pili. Mwaka mmoja kabla ya Kichomi kilitoka Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 kijana huyu alikuwa ameandika karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, akahukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miaka 3. Mashairi hayo aliyatunga gerezani, akayaandika kwa siri katika karatasi za chooni. Na yote yana vina, yana mizani, tena kwa Kimvita safi kinachofuata nyayo za Muyaka. Katika "Siwati" anakataa kuiacha kweli yake; katika "Mamba" anamsimulia mnyama anayejivunia nguvu zake kana kwamba hatapatwa na mauti. Mwaka 1974 kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtungaji. Kila nikumbukapo jambo hilo hunishangaza.

Ni nani basi aliyeuliza zaidi, Kezilahabi au Abdilatif? Mmoja aliuliza umbo la shairi. Mwingine alilishika umbo kama alivyolirithi, akauliza mamlaka. Mimi naona kwamba Abdilatif aliweza kusimama imara mbele ya wenye nguvu kwa sababu alikuwa na kitu asichokiuliza. Mtu hawezi kutilia shaka kila kitu kwa siku moja. Hana budi kuwa na mahali pa kukanyaga. Kwa hiyo siafiki wanaosema kwamba elimu mpya hutaka tuvunje yote yaliyotangulia. Lakini siwaafiki zaidi wale wanaosema kwamba lipo jambo lisiloruhusiwa kuulizwa kamwe, maana lile alilolikanyaga Abdilatif ndilo hasa alilolichimba Kezilahabi, na ardhi haikubomoka.

Na ni elimu gani iliyopatikana? Kwanza, tulijifunza kwamba mapigo ya lugha yetu yaweza kutoka katika pumzi ya msemaji, katika marudio na katika taswira, si katika hesabu tu. Pili, nalo hutajwa mara chache, watetezi wa jadi wenyewe walifaidika kwa kuulizwa. Ilibidi warudi katika tungo za kale na kuonyesha ni nini hasa kilicho cha Waswahili ndani yake. Kitabu cha Ibrahim Noor Shariff, Tungo Zetu, cha mwaka 1988, ni tunda la kazi ya namna hiyo. Kama hapana aliyewasumbua, huenda wangaliendelea kuhesabu mizani kwa amani.

Mwaka huo huo wa 1988 ikatoka Nairobi diwani iitwayo Chembe cha Moyo, ya Alamin Mazrui. Yeye naye ni mtu wa pwani, wa ukoo mashuhuri wa Mombasa, naye aliwekwa kizuizini mwaka 1982 pasipo kushtakiwa mahakamani. Alikuwa na kila sababu ya kutunga kama Muyaka na kama Abdilatif. Walakini mengi ya mashairi yake hayafuati vina wala mizani. Yasome kwa sauti, kisha usome "Siwati" kwa sauti, halafu mwambie mwalimu wako ni lipi katika hayo lisilo shairi, na umpe sababu.