Mkono wa Fanani: Mitindo ya Wachezaji katika Gemu za Kuigiza Uhusika, Ikitazamwa kutoka Magu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wachezaji mbalimbali wanavyoipitia gemu moja ya kuigiza uhusika na kutoka na visa tofauti. Yanadai kwamba uainishaji wa wachezaji kwa tabia zao, uliozoeleka tangu Bartle (1996), haufafanui tofauti hizo ipasavyo, na kwamba dhana za fanani, hadhira na tukio, ambazo uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili unazo tayari, zinafafanua zaidi. Mifano imetokana na ngoma za mashindano za Wasukuma, gemu za Skyrim, Undertale na Grand Theft Auto: San Andreas, na viambishi vya nafsi katika usemi wa wachezaji.

Suala lenyewe

Gemu ya kuigiza uhusika humkabidhi mchezaji mhusika, humpa mhusika huyo uwezo unaoweza kukua au kudumaa, kisha humwachia uchaguzi wa njia. Asili yake ya karibu ni Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo wa mezani ambamo mtu mmoja alisimulia mazingira na wengine wakajibu kwa kauli za wahusika wao. Kompyuta ilipochukua nafasi ya msimulizi, sauti ya mdomo ilipotea, lakini mahali pa kujibia palibaki.

Mahali hapo pa kujibia ndipo penye utata kwa mhakiki. Wachezaji wawili wanaweza kuicheza Skyrim (2011) kwa miezi ile ile. Mmoja anaufuata wito mkuu hatua kwa hatua hadi anamshinda joka Alduin, na kwake kisa kimekwisha. Wa pili anachuma majani ya dawa, anaoa, ananunua nyumba, anasoma vitabu vilivyotapakaa katika ulimwengu ule, na wito mkuu hauitiki kamwe. Wote wawili wamecheza Skyrim. Ukiwataka wasimulie, hata hivyo, watasimulia hadithi mbili ambazo zinashiriki mandhari tu. Je, kazi ya kuhakikiwa ni ipi: programu iliyouzwa dukani au mojawapo ya visa hivyo viwili? Anayejibu kuwa ni programu peke yake anajikuta akihakiki kabati la vifaa. Anayejibu kuwa ni kisa cha mchezaji analazimika kukubali kwamba mchezaji ana mkono katika utunzi, na kwamba mkono huo una mtindo unaoweza kutambuliwa, kusifiwa na kulaumiwa kama mtindo wa fanani yeyote.

Tabia au mtindo?

Jibu lililoenea kuhusu tofauti hizi ni la Richard Bartle, ambaye pamoja na Roy Trubshaw aliunda MUD katika Chuo Kikuu cha Essex mwishoni mwa miaka ya 1970. Katika makala yake ya mwaka 1996 aliwagawa wachezaji katika makundi manne: watafuta mafanikio, wavumbuzi, wachangamani na wauaji. Mgawanyo huo umerudiwa na kuongezewa matawi mengi. Faida yake ni kwamba ulimlazimisha mbunifu wa gemu akumbuke kuwa watu hawafurahii jambo moja. Kasoro yake ni kwamba unaeleza mtu anataka nini, bila kueleza anakitendaje. Wavumbuzi wawili wanaweza kuingia pango lile lile, mmoja akinyata gizani akiwa na upinde na mwingine akiwasha mwenge na kupiga kelele. Kwa Bartle hao ni wa kundi moja. Kwa yeyote aliyewahi kulinganisha watambaji wawili wa hadithi moja, hao ni mafanani wawili.

Tofauti hii si ngeni kwa wasomaji wa fasihi simulizi. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika Mulika mwaka 1989, aliieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Orodha hiyo haikutungwa kwa ajili ya gemu. Hata hivyo inauliza maswali ambayo Bartle hayaulizi: nani anatazama, wapi, saa ngapi, na fani inayotendwa inaruhusu nini. Mtindo wa mchezaji unapatikana katika majibu ya maswali hayo kwa pamoja. Tabia aliyozaliwa nayo ni sehemu tu, na pengine sehemu ndogo.

Uwanja wa Bujora

Wilaya ya Magu ina mfano unaolifafanua jambo hili vizuri kuliko mifano mingi ya vitabuni. Huko Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, hufanyika sherehe ya Bulabo karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, desturi iliyoanzishwa na Padri David Clement. Kiini chake ni mashindano ya ngoma baina ya makundi mawili ya Kisukuma, Wagika na Wagalu, ambayo masimulizi yanayahusisha na watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mashindano hayo ni makongwe kuliko sherehe yenyewe, na kwa desturi hufanyika baada ya mavuno.

Kinachostahili kuzingatiwa ni namna ushindi unavyoamuliwa. Makundi hayo mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na umati uko huru kuhama. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta cha kuwavuta: majembe yanayorushwa na kudakwa kwa mpigo, nyoka anayezungushwa shingoni, vinyago, utani unaomlenga mpinzani, na, kwa imani ya wengi, dawa. Kanuni ni moja kwa wote, nayo ni fupi sana. Upana wa mitindo unatokana na ufupi huo. Manju anayetegemea maneno na manju anayetegemea nyoka hawatofautiani kwa sababu mmoja ni “mchangamani” na mwingine “mtafuta mafanikio”. Wote wanatafuta umati ule ule. Wanatofautiana katika njia waliyoijenga, waliyorithi kwa mabwana zao wa ngoma, na wanayoibadilisha papo hapo wanapoona watu wakianza kusogea upande wa pili.

Ulinganisho una mpaka, na mpaka huo usifichwe. Mchezaji wa Skyrim aliye peke yake chumbani hana umati wa kumhama. Lakini hata yeye ana hadhira, nayo ni gemu yenyewe, kwa kadiri ilivyoundwa kumkumbuka. Undertale (2015) ya Toby Fox ndiyo iliyolifikisha jambo hili mbali zaidi. Inawezekana kuimaliza bila kuua kiumbe hata kimoja, inawezekana pia kuimaliza kwa kuwaua wote, na gemu hukumbuka: baadhi ya wahusika hurejelea matendo ambayo mchezaji alidhani ameyafuta kwa kuanza upya. Hapo mtindo unapata matokeo. Kwa upande mwingine, Skyrim, pamoja na ukubwa wake wote, husahau upesi; mtu anaweza kuwa kiongozi wa wapiganaji, wa wachawi na wa wezi kwa pamoja bila yeyote kushangaa. Hadhira isiyoshangaa ni hadhira dhaifu, na udhaifu huo unaonekana katika uchezaji. Inafahamika sana miongoni mwa wachezaji kwamba wengi huanza na azma ya kuwa mchawi au shujaa wa upanga, na huishia kuwa mpiga upinde anayenyata, kwa kuwa njia hiyo inalipa mno. Mahali ambapo njia moja inalipa kuliko zote na hakuna anayetazama, mitindo hufa.

Memori kadi

Katika vibanda vya gemu vya miji midogo ya Kanda ya Ziwa, gemu inayotawala ni mpira wa miguu, na si ajabu: mechi ni fupi, watu wawili wanacheza, malipo ni kwa mechi. Gemu yenye uhusika iliyopenya zaidi katika mazingira ya aina hiyo ni San Andreas (2004). Wapo watakaopinga kuiita gemu ya kuigiza uhusika, na kwa kipimo cha duka wana haki. Hata hivyo CJ, mhusika wake mkuu, hunenepa akila ovyo, hukonda na kupoteza misuli asipokula, hujenga mwili akienda jimu, huzoea silaha kadiri anavyoitumia, na heshima yake mtaani hupanda na kushuka. Hizo ni sifa za utanzu huo, hata kama jina ni jingine.

Sasa mahali na wakati, vile vipengele viwili vya Mulokozi ambavyo ni rahisi kuvipuuza, vinafanya kazi yake. PlayStation 2 haihifadhi mchezo bila memori kadi. Mchezaji anayelipia muda na hana kadi yake huanza kila siku pale pale: mwaka 1992, CJ amerudi Los Santos kumzika mama yake. Miji mingine miwili, San Fierro na Las Venturas, imefungwa mwanzoni. Anayevuka mpaka kabla ya wakati hupewa nyota nne za polisi papo hapo. Misheni zikiendelea kwa mpangilio wake, Los Santos pekee ingemla muda wote aliolipia. Mchezaji huyo anabaki na njia tatu. Anaweza kurudia misheni za mwanzo hadi azifahamu kama mtu anavyofahamu utenzi. Anaweza kuacha misheni na kuzurura. Au anaweza kutumia misimbo ya siri iliyonakiliwa kwenye karatasi na kupita kutoka mkono hadi mkono, ajipatie ndege na silaha, avuke mpaka na nyota zake nne nyuma yake.

Kwa jicho la Bartle, wa pili ni mvumbuzi na wa tatu ni mwuaji. Uchunguzi wa makini zaidi ungesema kwamba wote watatu wanajibu ukosefu wa kifaa kimoja kidogo cha plastiki. Uainishaji wa tabia unamchukulia mchezaji kuwa mtu mwenye mashine yake, umeme usiokatika na jioni isiyo na bei. Ukimwondolea hivyo, kinachoitwa hulka yake kinabadilika pia. Hata Kiingereza cha maelekezo ya misheni ni sehemu ya mtindo: asiyekifuata huicheza gemu kwa macho, akisoma ramani na rangi, na mara nyingi huvumbua njia ambazo aliyesoma maelekezo hakuzihitaji.

Hili haliondoi ubunifu. Mtambaji aliyezuiwa kutamba mchana naye hana uhuru wa kuchagua saa, na hakuna anayemnyima jina la fanani kwa sababu hiyo. Wazazi na walimu wanaolalamikia ukatili wa gemu hii wana hoja inayohitaji makala yake. Ifaayo hapa ni kwamba karatasi ile ya misimbo, inayodharauliwa kuwa ya udanganyifu, kikazi ni sawa na funguo ambazo fanani hupewa na mkubwa wake.

Mizingile miwili

Espen Aarseth, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu matini zinazomtaka msomaji atende ili zisomeke, alirejea tofauti ya kale baina ya mzingile wa njia moja, unaopinda sana lakini haukupotezi, na mzingile wa njia nyingi, unaokutaka uchague. Ziwa Victoria limempa msomaji wa Kiswahili mzingile wake mwenyewe. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alivunja mfuatano wa visa kiasi kwamba msomaji hujiona amepotea. Lakini kurasa ziko katika mpangilio mmoja, na wote wanaozisoma hupotea mahali pale pale. Tofauti za wasomaji wa Kezilahabi ni tofauti za tafsiri. Tofauti za wachezaji ni tofauti za matukio: mmoja aliua, mwingine hakuua, na hakuna ufasiri unaoweza kuwapatanisha. Nadharia za upokezi, ambazo kwa kawaida ndizo hukimbiliwa katika jambo hili, zinakomea kwenye kizingiti hicho.

Ushahidi katika viambishi

Lugha ya wachezaji inaonyesha kizingiti hicho bila kuombwa. Mhusika anapoanguka kwenye skrini, mwenye pedi husema nimekufa, na aliyeketi kando humwambia umekufa. Amekufa haisikiki kwa kawaida, ingawa kisarufi ndiyo ingetarajiwa, kwa kuwa aliyekufa ni CJ. Katika mazungumzo mengine nimekufa huhitaji kijalizo au sitiari: nimekufa njaa, nimekufa kwa kicheko. Hapa hutumika bila kijalizo na bila sitiari.

Nafsi hiyo haidumu. Vipande vya filamu fupi vinapokatiza mchezo na pedi kunyimwa kazi, usemi huelekea nafsi ya tatu: anaongea na Big Smoke, wanamdanganya. Pedi ikirudi, ni- hurudi nayo. Kubadilika kwa kiambishi kunachora mpaka kati ya sehemu aliyotunga mbunifu na sehemu anayotunga mchezaji, tena kwa usahihi ambao mhakiki angetumia kurasa kadhaa kuufikia. Mitindo nayo inaweza kupimwa hapo. Mchezaji anayesimulia baadaye kwa mfululizo wa nika-, nikashuka, nikamfuata, nikamwacha aende, amejitwika tendo la kumwacha mtu aende. Anayesema akamwacha aende amesimama kando ya mhusika wake, kama mpiga marioneti. Wapo wanaochanganya: huua kwa a- na kusamehe kwa ni-.

Mashine ikizimwa bila kadi, kisa hakibaki popote isipokuwa katika masimulizi hayo, yanayotolewa njiani kurudi nyumbani kwa Kiswahili, na pengine nusu kwa Kisukuma, ambacho nacho kina viambishi vyake vya nafsi na njeo zake za kusimulia. Kazi ya kuyarekodi inahitaji kinasa sauti na mtafiti anayezijua lugha zote mbili, na inafaa ianze wakati PlayStation 2 bado zinawaka katika vibanda hivyo.