Skeli Moja, Dhana Tatu

Neno "skeli" tumelizoea katika ramani. Lakini mfasiri wa kanuni za michezo ya vita, ile ichezwayo mezani kwa visanamu vya askari, akilitumia peke yake atampotosha msomaji. Humo mna dhana tatu: kimo cha kisanamu, uwiano wa meza na uwanja wa vita, na idadi ya askari wanaowakilishwa na kisanamu kimoja. Dhana hizi hazibadiliki kwa kadiri moja.

Tuchukue De Bellis Antiquitatis, kanuni zilizotolewa Uingereza mwaka 1990. Visanamu vya milimita 15 husimamishwa juu ya kitako chenye upana wa milimita 40; vya milimita 25, milimita 60. Kimo kimezidi kwa theluthi mbili, kitako kwa nusu tu. Anayezidisha kila kipimo kwa kufuata kimo huuharibu mchezo. Katika toleo la mwaka 2014 masafa hupimwa kwa upana wa kitako, hivyo kanuni ileile yafaa kwa visanamu vyote. Mfasiri akiandika sentimita, faida hiyo imepotea.

Twapendekeza "kimo" kwa kisanamu, "skeli" kwa uwanja, na "uwakilishi" kwa idadi. Kila dhana na ipate istilahi yake.