Garimoshi la Usiku na Mkono Mtupu

Mjadala juu ya nyimbo za Kimarekani katika nchi yetu umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa kupokea au kukataa. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hofu ya kuporomoka kwa maadili ya vijana. Waliopinga uamuzi huo walikumbusha kwamba soul ni sauti ya watu weusi wenzetu. Pande zote mbili ziliuliza wimbo umetoka wapi. Wachache waliuliza wimbo wenyewe unasema nini, nalo ndilo swali la kwanza la uhakiki.

Wako pia wanaodhani kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa na orodha za mauzo. Tangu Agosti 1958 jarida la Billboard la Marekani limekuwa likichapisha kila juma orodha ya nyimbo 100 zinazoongoza. Katika miaka ya 1970 nafasi ya wimbo ilitokana na mauzo ya santuri na kupigwa kwake redioni. Orodha ya namna hiyo hutuambia kilichonunuliwa, haituambii kilichofaa. Mwaka 1978 santuri ya filamu Saturday Night Fever ilikaa kileleni mwa orodha ya santuri ndefu kwa majuma 24. Wimbo wa Gladys Knight na kundi lake la Pips, "Midnight Train to Georgia", ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo kwa majuma mawili tu, kati ya Oktoba na Novemba 1973. Hata hivyo, ni wimbo huu wa majuma mawili ninaopenda kuupeleka Ulemo, wilayani Iramba.

Kisa chake ni chepesi. Mwanamume alikwenda Los Angeles kutafuta umaarufu. Ndoto yake ikavunjika, akauza alivyokuwa navyo, na sasa anarudi kwao Georgia kwa garimoshi la usiku. Mwanamke ampendaye ameamua kufuatana naye. Mtunzi, Jim Weatherly wa Mississippi, aliuandika kwanza ukiwa na ndege iendayo Houston. Cissy Houston alipourekodi, ndege ikawa garimoshi na Houston ikawa Georgia. Badiliko hilo si dogo. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama majimbo ya kusini, wengi wao kwa garimoshi, wakitafuta kazi na heshima mijini. Kwa hiyo garimoshi katika wimbo huu limebeba historia ya umma mzima, nalo linakwenda kinyume: badala ya kuwapeleka watu mjini, linamrudisha mmoja nyumbani.

Umbo la wimbo nalo latuhusu. Gladys Knight, mzaliwa wa Atlanta huko Georgia, anasimulia. Kaka yake na binamu zake wawili, ndio Pips, wanaitikia. Hawarudii maneno yake tu: wanayathibitisha, wanayaongezea, na hata wanaiga honi ya garimoshi. Mwanafunzi aliyewahi kusimama katika ngoma ya kijijini atautambua mpango huo mara moja, kwani ndio mpango wa mwimbishaji na waitikiaji wake. Aibu ya mtu mmoja inachukuliwa na sauti nyingi, nayo inakuwa nyepesi.

Sasa na tusimame Misigiri, mahali ambapo njia ya Kiomboi inaachana na barabara ya Singida na Nzega. Kijana wa Ulemo anayemaliza shule huitazama barabara hiyo kama ngazi. Akiondoka, huagwa kwa matumaini ya ukoo mzima. Lakini ni nani aliyemfundisha namna ya kurudi? Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema; na wako vijana waliokaa mjini katika dhiki miaka mingi kwa kuiogopa methali hiyo tu. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilituonya tusiifanye shule kuwa mlango wa kuwakimbia wazazi wetu. Onyo hilo lingali na haja ya wimbo utakaoutetea utu wa yule aliyejaribu, akashindwa, akarejea shambani kwa baba yake. "Midnight Train to Georgia" unamtetea. Haumcheki, wala haumhubirii.

Lakini kuusifu si kuusamehe kila kitu. Kwanza, mwanamume mwenyewe hatumsikii hata mara moja; tunamjua kwa kinywa cha mwanamke. Pili, mwanamke huyo anauacha ulimwengu wake kwa ajili ya mwenziwe, na hakuna anayeuliza gharama yake. Tatu, Georgia inaitwa mahali pa maisha mepesi ya zamani, ilhali umaskini na ubaguzi wa kusini ndio uliowafukuza mamilioni. Wimbo unakoma kabla garimoshi halijafika, na kwa hiyo kijiji hakipati nafasi ya kusema. Penina Muhando, katika tamthilia yake Hatia ya mwaka 1972, aliona kwamba msichana aliyeponzwa na mjini akirejea kijijini, matatizo hayaishi bali huanza upya, kwa kuwa kijiji nacho kina macho, ulimi na hukumu. Hapo mwandishi wetu amekwenda mbali zaidi kuliko wimbo ulioongoza Marekani.

Mwalimu, basi, asiuogope wimbo wa kigeni wala asiupigie magoti. Auweke mbele ya darasa kama anavyoweka shairi: nani anasema, anamwambia nani, na ni jambo gani linalofichwa? Kisha awaombe wanafunzi watunge ubeti unaokosekana, ule wa kufika. Mtu ameshuka basi Misigiri alfajiri, hana sanduku. Waitikiaji wamesimama kando ya barabara, nao ni mama, jirani na wanafunzi wenzake wa zamani. Watakachoitikia ndicho kitakachotuonyesha utamaduni wetu ulivyo.