Jamani, Nimeigusa Mashine ya Kuchonga!

Weee, vidole vyangu bado vinanukia mninga! Nimetoka Kasulu, nikapitia Kibondo, na kunyamaza siwezi, siwezi kabisa. Rafiki yangu, kuna mashine ya kuchonga mbao, kadogo, ka kukaa mezani, na kako darasani, wanafunzi wanakaendesha wenyewe! Mimi na umri wangu huu nimepanga foleni nyuma ya watoto wa kidato cha kwanza nikisubiri zamu, na zamu yangu ilipofika nikajifanya sikusikia kengele ya mapumziko.

Hebu nikwambie inavyokwenda. Mchoro unauchora kwenye kompyuta, ubao unaufunga ndi ndi ndi kwa vibano, kisha unaishusha biti, ile ncha yake ya kukatia, polepole, polepole mno, juu ya kipande cha karatasi ya daftari. Huku unaisukasuka karatasi. Ikianza kukwama tu, basi, mashine imeujua uso wa ubao ulipo. Yaani mtambo wote ule, wa kisasa, unaongozwa na kompyuta, unategemea karatasi ya daftari na kidole cha binti aliyevaa sweta la shule! Kisha unabonyeza, ngrrrrrr, biti inazama, unga wa mbao unaruka mwekundumwekundu, wa moto kidogo ukiudaka kiganjani, na harufu inapanda mpaka unasahau kuwa uko shuleni.

Mwalimu wa jiografia ndiye aliyenimaliza. Amewachongesha Ziwa Tanganyika! Si mstari wa pwani tu kama kwenye atlasi, hapana, kina chake, ngazi kwa ngazi. Kila duru mashine inashuka kidogo, inarudi, inashuka tena, na watoto wameinama wote kama kuku waliomwagiwa mtama. Mita 1,470 za kina, ziwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, sote tulikariri hayo, tukaandika kwenye mtihani, tukasahau. Sasa fumba macho, tia kidole upande wa kaskazini. Kinateleza chini, chini, chini kabisa... halafu kinapanda! Katikati ya ziwa kuna kigongo! Unakivuka, unatumbukia tena kusini, na huku ndiko kwenye kina kirefu zaidi. Nimeishi na ziwa hili maisha yangu yote, nimekula migebuka yake, na sikuwahi kujua kwamba lina mashimo mawili mpaka kidole kiliponiambia.

Na bado! Wameuchonga na Mto Malagarasi, huu huu tunaouvuka tukitoka Kasulu kwenda Kibondo. Unaanzia huku juu, kwenye mpaka wa Burundi, ziwa haliko mbali, ungedhani utakimbilia huko moja kwa moja. Wapi! Unapanda kaskazini mashariki, unazunguka, unajimwaga kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000, ndipo unageuka magharibi kulitafuta ziwa. Mtoto mmoja aliufuata mfereji wake kwa ukucha mwanzo hadi mwisho, akaguna, akasema, «Mwalimu, huu mto ulipotea njia!» Tulicheka, lakini nani atausahau tena?

Kibondo nako wameamua biashara. Wanachonga chapa ya kugonga kwenye vifungashio vya asali na vibao vya kuumbia sabuni za mawese, vizuri, vilaini, vya kutamanisha. Chapa ya kwanza ilitoka safi mno, wakaipaka wino, wakagonga kwa mbwembwe, wakasoma: ODNOBIK! Darasa zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Wakaugeuza mchoro kwenye kompyuta, wakachonga upya, na somo la kuakisi katika hisabati likawa limeingia bila mtu kushika chaki. Tena mbao zenyewe ni vipandevipande ambavyo maseremala huviacha viishie jikoni.

Kuna wanaoniuliza: na mafundi wa mkono je? Tulieni! Biti ni ya mviringo, kona kali ya ndani haiwezi, inaiacha imepinda. Kwa hiyo wamemwita mzee seremala wa jirani, na patasi yake, awafundishe kuzimalizia kona, na watoto wanamshangilia yeye kuliko mashine. Kusema kweli hata mimi.

Ila kelele, lo! Chumba cha pili hakufundishiki. Vumbi nalo si mchezo, miwani na barakoa ni lazima, usijitie ujasiri. Umeme ukikatika katikati ya kazi unaanza upya kupima na ile karatasi yako. Hata hivyo, kumbuka tulikotoka: kabla ya Gridi ya Taifa kutufikia mwaka 2022 tuliishi kwa majenereta ya dizeli.

Mimi kinachonikosesha usingizi ni ile ramani ya kupapasa. Hapo Kabanga, Kasulu, kuna shule yenye watoto wenye ulemavu, na mwanafunzi asiyeona angeweza kulisoma ziwa lote kwa viganja vyake. Mkondo wa amali umeanza shuleni tangu 2024, useremala umo, sababu ya kusubiri siioni. Walimu wakuu, pelekeni ramani hizo huko kwanza, kabla ya vibao vya majina ya ofisi zenu! Na wewe rafiki yangu, ukiwa na vipande vya mninga nyuma ya nyumba, usivichome. Vibebe, nenda kwenye shule iliyo karibu nawe yenye mashine hii, omba zamu, na uvue pete kabla hujaigusa.