Ushindi 13, na Bado Nje

Desemba 3, 2023 kamati ya uteuzi ya mchujo wa futiboli ya vyuo Marekani iliiacha Florida State na kuipa Alabama nafasi ya nne. Ilikosea. Utetezi wote uliotolewa tangu siku ile haujabadilisha rekodi: Florida State 13-0, bingwa wa ligi ya ACC, Alabama 12-1, na huyo aliyewafunga, Texas, aliwachapa 34-24 hapohapo kwao Tuscaloosa. Katika misimu tisa iliyotangulia ya mchujo wa timu nne, hakuna bingwa wa ligi tano kubwa aliyemaliza bila kufungwa akaachwa nje.

Sababu ilikuwa mguu wa Jordan Travis, kwotabeki aliyeumia Novemba 18 dhidi ya North Alabama. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alisema bila Travis hii ni timu nyingine. Sawa, kanuni zinawaruhusu kuzingatia mchezaji muhimu asiyekuwepo. Basi wangetazama mechi zilizochezwa bila yeye, maana zilikuwepo mbili. Wakiwa na kwotabeki wa pili, Tate Rodemaker, waliifunga Florida 24-15 ugenini Gainesville. Kisha fainali ya ACC, kwotabeki wa tatu, Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, akaanza dhidi ya Louisville iliyokuja na rekodi ya 10-2. Wakashinda 16-6.

Studio za televisheni zikang'ang'ania namba moja ya usiku ule: Glenn kukamilisha pasi 8 kati ya 21 kwa yadi 55. Namba mbovu, ndiyo. Lakini Louisville mechi nzima ilipata yadi 188, haikuvuka mstari wa mwisho hata mara moja. Ulinzi wa Florida State ulikuwa umebeba mechi yote, na futiboli haijawahi kuwa mchezo wa kwotabeki peke yake. Ukiipima timu kwa yadi 55 ukaziacha 188, hujachambua mechi, umesimulia nusu yake.

Wiki moja kabla ya fainali hiyo, Alabama ilikuwa Auburn, dauni ya nne, yadi 31 za kwenda, chini ya dakika moja. Jalen Milroe akampata Isaiah Bond, wakaokoka 27-24. Auburn hiyo ilikuwa imetoka kupigwa 31-10 na New Mexico State! Studio zikauita ushindi ule ujasiri wa mabingwa. Wa Florida State ukaitwa dalili ya udhaifu. Kuifunga Georgia 27-24 na kukata mfululizo wake wa ushindi 29 ilikuwa kazi safi ya Alabama, sikatai, lakini kipimo hakikuwa kimoja kwa wote.

Nimelalamika miaka mingi kuhusu kipindi cha Jumanne cha ESPN kinachotangaza orodha ya kamati. Kituo kinachouza mjadala wa viwango kila wiki ndicho chenye haki za kuonyesha mchujo wenyewe. Mazungumzo yale yanaingia masikioni mwa wajumbe wa kamati, na mwaka 2017 timu ya UCF isiyofungwa iliachwa nje hivyohivyo.

Mwaka 2014 kamati hiihii ilikuwa na ujasiri. Ohio State ilimpoteza kwotabeki Braxton Miller kabla ya msimu, J.T. Barrett dhidi ya Michigan, ikamwanzisha Cardale Jones. Ikaichapa Wisconsin 59-0, ikapewa nafasi ya nne, ikaifunga Alabama 42-35 na Oregon 42-20. Ile ndiyo timu ya kuigwa: kwotabeki wa tatu akiingia, wenzake wanambeba. Florida State haikupewa hata nafasi ya kujaribu.

Wapo wanaoleta kipigo cha 63-3 ambacho Georgia iliipa Florida State kwenye Orange Bowl kama ushahidi. Wachezaji zaidi ya 20 wa Florida State hawakuwepo siku hiyo, na timu iliyovunjwa moyo haipimwi kwa mechi ya baada ya kuvunjwa.

Msimu uliofuata mchujo ulipanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa ligi wenye viwango vya juu zaidi wakahakikishiwa nafasi. Kwa Florida State ya 2023, kanuni hiyo ilichelewa mwaka mmoja.