Kanzidata na Karani Wake Kwenye Mashine Moja

Fundi wa TEHAMA hufundishwa mapema kwamba kanzidata ikae kwenye seva yake, na programu za watumiaji zikae kwenye kompyuta nyingine. Ukishuka kutoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay, kisha ukafuata ufuko wa Ziwa Nyasa hadi Liuli, kanuni hiyo inaanza kupungua nguvu. Kituo cha afya chenye karani mmoja wa takwimu hakina sababu ya kununua mashine mbili, swichi na nyaya ili karani afikie kumbukumbu zilizo hatua moja kutoka alipoketi. Kuzipeleka kumbukumbu hizo zikae Dar es Salaam nako ni kumwambia mgonjwa asubiri mtandao urudi. Ninautetea basi mpangilio ambao wataalamu wengi huubeza: seva na programu ya mtumiaji kwenye kompyuta moja. Nautetea kwa masharti.

Mfano ulioandikwa vizuri uko Kenya. Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Nandi karibu na Eldoret, kilianza kuingiza taarifa za wagonjwa kwenye kanzidata ya Microsoft Access, huku umeme ukiwa na vyanzo vya akiba. Katika miezi sita yaliingizwa mahudhurio 10,000 ya wagonjwa 6,190, na muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kwetu Tanzania pia, kanzidata ya CTC2, ya kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ilijengwa juu ya Access. Mgonjwa hubaki na kadi ya CTC1, kliniki hubaki na ya CTC2, na karani huingiza yaliyomo kwenye kompyuta.

Access, hata hivyo, haina seva. Injini inayosoma na kuandika data inaishi ndani ya programu ileile anayoifungua karani, na data yote imo kwenye faili moja lisiloweza kuzidi gigabaiti 2. Programu ikikwama, au umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili lenyewe linaweza kuharibika. Kabla ya njia ya umeme ya Makambako hadi Songea kuufikisha umeme wa gridi mwaka 2018, miji ya Ruvuma ilitegemea jenereta za dizeli, kwa hiyo hatari hiyo haikuwa ya vitabuni.

Waliojenga OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, walitoka kwenye uzoefu huohuo wa Eldoret. Kazi ilianza 2004, na mwaka 2006 mfumo ukaanza kutumika huko, safari hii juu ya seva ya kanzidata ya MySQL. Baadaye likatolewa toleo liitwalo Standalone: folda moja yenye seva ya wavuti ya Tomcat na seva ya MySQL pamoja. Unaifungua folda, unawasha, kivinjari kinafunguka. Watengenezaji wanalitoa hasa kwa kujaribia na kujifunzia, ila ujenzi wake unafaa kuchunguzwa na yeyote anayetaka kuhudumia kituo kidogo.

Kilichobadilika ni kwamba ndani ya mashine moja sasa kuna michakato inayojitegemea. Kivinjari kikifa, MySQL haijui wala haijali. Kila badiliko lililothibitishwa huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu ya miamala iliyo diskini, na umeme ukirudi seva huisoma na kujirekebisha yenyewe. Kompyuta mpakato yenye betri nzima humpa karani dakika za kuzima mashine kwa utaratibu. Ningeichagua hiyo kuliko seva kubwa isiyo na UPS, bila kusita.

Kuna mtego ambao mafundi huuangukia. MySQL ya kawaida husikiliza kwenye poti 3306; ile ya Standalone hutumia 3316 ili zisigongane. Fundi kwenye Linux anaandika amri ya kuunganisha kwa jina localhost na poti 3316, kisha anashangaa kukataliwa, au kibaya zaidi, kukuta kanzidata nyingine kabisa. Sababu ni kwamba programu ya MySQL kwenye Linux ikiona jina localhost huacha njia ya mtandao na kupita kwenye faili la soketi, na poti uliyoitaja haihesabiki. Andika 127.0.0.1 na utapita kwenye TCP, poti yako iheshimiwe. Kwenye Windows tofauti hii kwa kawaida haijitokezi, ndiyo maana maelekezo ya mtu mmoja humpoteza mwenzake.

Mlango huo wa 127.0.0.1 ndio pekee unaopaswa kubaki wazi. Mpangilio wa bind-address ukielekezwa hapo, kompyuta nyingine yoyote kwenye mtandao wa kituo haiwezi kuigusa seva ya MySQL. Usizime mtandao wa MySQL kabisa, kwa sababu OpenMRS imeandikwa kwa Java na huifikia kanzidata kwa TCP hata ikiwa mashine ni ileile.

Kwenye ram ndipo mpangilio huu unapolipiwa. Ushauri wa kuipa MySQL hadi asilimia 80 ya ram ni wa seva isiyo na kazi nyingine. Kwenye mashine ya gigabaiti 4 hiyo ni gigabaiti 3.2; Java na kivinjari vitaishi wapi? Linux ikiishiwa huua mchakato mmoja, mara nyingi ule mkubwa, yaani kanzidata yenyewe. Anza na megabaiti 128 za kawaida, upandishe polepole ukipima.

Ng'ambo ya ziwa, Malawi, shirika la Baobab Health lilichukua njia nyingine: vioo vya kugusa vinavyokula umeme kidogo, vikihudumiwa na seva moja. Kwa hospitali yenye milango mingi njia hiyo ni sahihi. Kituo chenye meza moja hakihitaji hayo, na siku meza ya pili ikifika, data haihami: programu ya huko ikihitaji kuifikia MySQL moja kwa moja, unabadilisha bind-address, unamfungulia mtumiaji mpya ruhusa kutoka anwani ya mashine ya pili tu, basi.

Sharti nisilolegeza ni nakala. Mashine moja inakubalika, diski moja haikubaliki. Amri ya mysqldump yenye chaguo la single-transaction hutoa nakala iliyo sawa kwa majedwali ya InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL, wakati karani anaendelea na kazi. Ifungwe kwa nywila, kwa sababu ni siri za wagonjwa, kisha ipande barabara ya lami kwenda Mbinga kila wiki. Waganga wakuu wa wilaya za Mbinga na Nyasa, waulizeni mafundi wenu nakala ya mwisho iko wapi na nani alijaribu kuirejesha.