Gitaa la Katikati

Tulikuwa tunakaa Magomeni Makuti, nyumba ya vyumba sita, korido katikati na uwani nyuma. Kutoka pale hadi ukumbi wa DDC Magomeni Kondoa si mbali, na usiku wa dansi upepo ukikubali, muziki ulitufuata kitandani. Lakini haukufika wote. Ilifika besi na kishindo cha dramu, basi. Sauti za waimbaji ziliishia njiani, magitaa nayo yaliishia njiani, na tarumbeta ukizisikia ni kwa mbali sana, kama mtu anaita jina la mwenzake mtaa wa pili.

Mchana mambo yaligeuka. Redio ya mama ilikuwa ndogo, spika yake haizidi kisosi. Radio Tanzania wakipiga wimbo wa Mlimani Park, ndio Sikinde, tulipata waimbaji na gitaa la solo safi kabisa, ila besi hakuna. Kwa hiyo bendi niliyoipenda kuliko zote niliipata vipande viwili: ya juu mchana, ya chini usiku. Nikaamini nikiviunga kichwani nimeipata Sikinde nzima.

Aliyenitoa katika imani hiyo ni mjomba. Alikuwa kibarua bandarini, mpenzi wa Sikinde wa kufa na kuzikana, na mwaka niliomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikuja nyumbani Jumamosi jioni amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikono inakata. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akamwambia mama, "Dada, huyu leo naondoka naye." Mama aliuliza kitu kimoja tu, tutarudi saa ngapi.

Tulifika mapema, wanafunga vyombo. Mjomba alitaka hivyo. Alisema bendi huijui kwa wimbo wake, unaijua kwa namna inavyokaa jukwaani kabla hajaimba mtu. Basi nikaona nyaya zinavutwa, mpiga tumba anakaza ngozi kwa spana, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anakaza tena. Wapiga magitaa walisimama karibu karibu, wakipeana noti moja moja, bila haraka yoyote. Mmoja wao, aliyesimama nyuma kidogo karibu na dramu, alichukua muda kuliko wote. Akimaliza kulinganisha nyuzi anarudia tena.

"Mtazame huyo," mjomba akaninong'oneza. "Waimbaji utawatazama siku nyingine."

Niseme kidogo bendi hii ilitoka wapi, maana wasomaji vijana wanajua nyimbo bila kujua safari. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 katika baa iliyoipa jina, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo DDC. Mtindo wake ni Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na wapenzi wakaongeza "ngoma ya ukae", yaani ngoma ya nyumbani. Ndani yake walipita watu kama Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka, Cosmas Chidumule, Abel Balthazar, na Michael Enoch aliyeitwa "Ticha", kwa sababu alifundisha watu. Mwaka 1985 Gurumo na Balthazar walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwenda kuunda International Orchestra Safari Sound, na wengi walidhani bendi imekufa. Haikufa. Nadhani niliona sababu yake usiku ule.

Wimbo wa dansi wa Dar es Salaam una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: hadithi inasimuliwa, kibwagizo kinajibu, tarumbeta na saksafoni zinaingia kati kama watu wazima wanaokubaliana na msemaji. Ya pili ni chemko. Hapo maneno yanapungua, mwendo unapanda, na magitaa yanachukua nyumba. Redioni chemko ndipo mtangazaji aliposhusha sauti asome salamu. Ukumbini hakuna wa kuishusha. Inakwenda kadiri watu wanavyotaka, dakika kumi, kumi na tano, na ndiyo iliyowatoa watu majumbani.

Chemko ilipoanza nilimtazama yule wa nyuma. Alikuwa anapiga rithimu. Mkono wake wa kushoto ulishika kodi tatu tu, akizizungukia, hakutoka pale. Wa kulia ndio uliokuwa na kazi. Hakukwangua nyuzi zote kwa pamoja kama wanafunzi wa gitaa wanavyofanya. Aliivunja kila kodi noti moja moja, huku pembeni mwa kiganja chake pamelala juu ya nyuzi kuzizuia zisilie mno, ili kila noti iwe fupi na kavu. Na noti hizo aliziweka mahali besi haikuwepo. Besi ikitua, yeye ametulia. Besi ikinyanyuka, yeye yumo. Juu yake alikuwepo wa solo ya pili, naye akijaza pale rithimu ilipoacha, na juu kabisa solo, huru kwenda itakako kwa sababu wale watatu wamemtandikia.

Nilikuwa nimewahi kuona kitu hicho uwani kwetu na sikukijua. Wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja. Mchi wa huyu unaingia wa mwenzake ukitoka, na hakuna anayehesabu. Mmoja akipata tamaa ya kuonyesha nguvu, michi inagongana na mtama unamwagika. Yule mpiga rithimu alikuwa na uwezo wa kupiga zaidi, hilo hata mimi nililiona kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vyepesi. Hakupiga zaidi. Kipande kile kile, labda mara mia mbili, na cha mia mbili kilikuwa na uzito ule ule wa cha kwanza. Wazee wetu walizisikia rumba za Kuba kwenye santuri za GV tangu miaka ya 1930, wakazipenda kwa vipande vya namna hiyo vinavyojirudia. Lakini Dar es Salaam waliutandaza mzunguko ule juu ya magitaa matatu na besi, kila moja likiwa na sehemu yake ndogo, na hakuna hata moja ambalo peke yake ni wimbo.

Kisha kiongozi akanyanyua mkono na magitaa yote yakanyamaza. Zikabaki besi, dramu na tumba. Moyo ulinipasuka, maana ile ilikuwa sauti ya kitandani kwetu Makuti, sauti niliyolala nayo miaka yote. Watu waliendelea kucheza, ila walicheza wima, kwa miguu tu. Mkono ukanyanyuliwa tena, na aliyerudi wa kwanza hakuwa solo. Alikuwa yule wa nyuma, peke yake, kipande chake kifupi kikavu. Palepale viuno vilirudi. Mama mmoja mbele yetu, mtu mzima, aliinama kidogo akacheka kwa furaha, kama aliyevuliwa mzigo. Solo ya pili ikaja, solo ikafuata, na watu wakaenda jukwaani kuituza solo. Nami niliipenda solo, na bado naipenda. Lakini mjomba alizunguka kwa nyuma, akafika hadi kwenye dramu, akamtia yule bwana noti yake mfukoni mwa shati. Mpigaji hakukatiza hata noti moja ya gitaa. Alimwinamia mjomba kidogo tu, shukrani ya mtu aliye kazini.

Wanasema bendi ni majina, na kweli majina huondoka na wimbo wao. Kipande kama kile hakiondoki na mtu. Anayekipiga amekisimamia tu kwa zamu yake. Kabla yake yupo aliyekipiga, na kijana anayebeba spika ukumbini mara nyingi anakijua tayari kwa vidole.

Tuliondoka kabla hawajamaliza, mjomba alikuwa na zamu ya alfajiri bandarini. Mitaa ya Magomeni ilikuwa kimya, na kila kona tuliyokata ilitunyang'anya kitu: kwanza waimbaji, halafu solo, halafu tarumbeta. Nilipojilaza ilibaki besi na dramu kama siku zote. Nikaweka vidole juu ya godoro nikaanza kugonga polepole, pale besi isipokuwepo.

Mama alikuwa macho. Akauliza kutoka chumba cha pili, "Wamefika wapi?"

"Wako kwenye chemko," nikamwambia.